Kasulu mpaka Ocean Road: safari na mama tukiomba hekima njia nzima

Jumapili, Kasulu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hii safari kwa sababu najua kuna mtu sahivi ana majibu ya hospitali mkononi, ndugu wanamvuta huku na huku, na yeye hajui aanzie wapi. Sisi ndo tulikuwa hapo. Mama yangu amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Kabla ya hapo zahanati moja ilikuwa inampa dawa za UTI kila akienda, damu inatoka anapewa dawa, inarudi anapewa dawa, mpaka nesi mmoja jirani yetu akasema mama huyu achukuliwe kinyama kipimwe. Majibu yakatoka, dokta akasema hatua ya pili B, hapa sio pa kupasua tena, hii inataka mionzi pamoja na dripu za kemo, na mionzi Kigoma hakuna.

Leo baada ya ibada ukoo ukakaa. Jamani kikao cha ukoo kwenye jambo la ugonjwa ni kizito. Baba mkubwa anataka mitishamba kwanza. Mama mdogo anataka mama apelekwe kwa mtumishi mmoja anayeombea, na huyo mtumishi alishamwambia kwamba ukikubali mionzi umeukubali ugonjwa, yaani imani yako imekufa. Kaka yuko Dar anapiga simu kila nusu saa, njooni njooni. Mimi niko katikati na karatasi ya rufaa nimeishika mpaka imelowa jasho.

Mchungaji wetu alikuwa amekaa kimya muda wote. Sisi ni Waanglikana, na mchungaji wetu sio mtu wa kelele. Alipopewa nafasi hakuhubiri, akafungua Yakobo 1:5 akasoma taratibu, "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa." Akarudia lile neno hakemei. Akasema Mungu hamkemei mtu kwa kutokujua, kwa hiyo hapa tusikemeane. Halafu akamgeukia mama akamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe unasemaje?"

Wapendwa, kikao chote kile, tangu saa saba, hakuna aliyekuwa amemuuliza mama chochote.

Mama akasema, "Baba mchungaji mimi nataka kupona. Ila hiyo mionzi nasikia inachoma watu mpaka ndani, na mimi naogopa kuungua."

Nilihisi kitu kinafunguka pale pale. Siku zote hizo tulikuwa tunabishana kuhusu imani na mama hakuwa na shida ya imani, alikuwa na swali, na swali la kuungua lina mtu wa kulijibu. Tukaomba, tukakubaliana twende, mama akaulize mwenyewe kwa mdomo wake. Kuhusu wapi, mionzi inapatikana pia Bugando Mwanza, ila Mwanza hatuna mtu na matibabu haya ni ya wiki nyingi, Dar kaka ana chumba. Basi Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road.

Jumatatu, Kasulu kwenda Kigoma mjini

Coaster ya asubuhi. Lami siku hizi inasaidia sana, zamani barabara hii mgonjwa angefika amechanganyikiwa. Nesi jirani alitufungia mfuko kabla hatujatoka, kanga mbili za zamani safi, pedi kubwa, plastiki ya kutandika kwenye siti, dawa za maumivu na saa ya kumpa kila dawa ameandika kwenye karatasi. Nikimuomba Mungu aniongoze njiani mara nyingi nilikuwa nawaza ndoto au sauti, na leo niliushika ule mfuko nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule maana kila kilichokuwemo tulikitumia kabla ya saa nne asubuhi.

Tulipitia hospitali ya mkoa Maweni kugongewa muhuri wa rufaa. Hapa nawaambia jambo la kushika, ukipewa rufaa ya saratani usiondoke na karatasi tu. Uliza na kile kinyama chenyewe. Huwa wanakihifadhi kwenye kipande kidogo cha nta, na vioo vyake vya kuangalizia kwenye darubini, kwa sababu kule unakokwenda watataka kukiangalia upya kwa macho yao. Yule kijana wa maabara alitufungia kwenye kiboksi, pamba chini pamba juu, akasema msiweke juani nta itayeyuka. Kiboksi kidogo cha kutosha kiganja. Mama alikishika akakiangalia muda mrefu, akasema "kumbe ndo hiki," akanirudishia.

Tumelala Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kwa shangazi. Kuna migebuka ya kukaanga lakini mama kala kidogo sana. Usiku mama mdogo akapiga, anasema mmeshindwa kumwamini Mungu mmekimbilia wazungu. Nilitaka kujibu, mama akachukua simu akasema tu "usiku mwema mdogo wangu, tuombee safari," akakata.

Halafu akaniomba nimsomee habari za mfalme Hezekia, 2 Wafalme 20. Nikasoma. Hezekia anaumwa kufa, anageukia ukutani analia, Mungu anasema nimeyaona machozi yako, anamuahidi miaka 15 zaidi. Na baada ya ahadi hiyo yote, Isaya anawaambia walete mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Mama akaniambia soma tena hapo kwenye tini. Nikasoma tena. Mungu ameshasema utapona, na tini zinawekwa hivyo hivyo. Nabii yule yule aliyeleta neno ndiye aliyeagiza dawa. Hatukuongeza kitu, tukazima taa.

Jumanne, Kigoma stesheni

Stesheni ya Kigoma kwa wasioijua ni jengo la Wajerumani, kubwa, matao mbele, linaangalia ziwa. Reli ilifika hapa 1914, karibu kilomita 1,250 kutoka Dar. Tulikata daraja la pili kulala, hela ilitoka kwa akina mama wa kikoba chetu, walichanga bila kuombwa mara mbili, na mchungaji akaongeza ya kwake mfukoni. Basi lingefika mapema zaidi lakini mama hawezi kukaa siku nzima, anatakiwa alale, na choo kiwe karibu. Hili nalo tuliliombea, msicheke, tuliomba kabisa Mungu atuonyeshe tupande nini. Jibu lilikuja kwa kumuangalia mama anavyokaa kwenye kiti cha plastiki pale kwa shangazi, anaegemea upande mmoja, dakika kumi anasimama.

Behewa la wanawake. Tuliwakuta mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, Mkatoliki, anashuka Tabora, na dada mwingine na mtoto. Uvinza tulipita giza limeshaingia, watu wanauza chumvi madirishani kwa mwanga wa simu.

Yule mwalimu aliona dawa, akauliza kwa heshima, mama akamweleza yote. Kumbe na yeye alishapita huko, titi, miaka mingi nyuma. Akatoa Biblia yake, ile ya Kikatoliki ina kitabu cha Yoshua bin Sira ambacho kwetu hakisomwi sana, akatusomea sura ya 38. Pale panasema mheshimu tabibu kwa maana Bwana ndiye aliyemuumba, na kwamba Bwana ametoa dawa katika ardhi na mtu mwenye busara hazidharau. Na kinachofuata ndo kilimgusa mama zaidi, mgonjwa anaambiwa amuombe Mungu, aache dhambi, atoe sadaka yake, na kisha ampe tabibu nafasi yake. Mwalimu akasema, "Dada yangu, mimi niliomba rozari kwenye foleni ya mionzi." Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia anacheka tangu majibu yatoke.

Nikamuuliza yule mwalimu, ulijuaje kwamba hii ndo njia ya Mungu. Akasema hakujua njia yote. Alijua kituo kinachofuata, akishuka hapo anauliza kingine.

Jumatano, Tabora, Saranda

Tabora asubuhi. Mwalimu akashuka, akamuachia mama chupa ya asali na namba yake ya simu. Treni ilisimama muda, watu wanashusha magunia, wengine wanapanda na madumu ya asali.

Mchana ulikuwa mgumu na sitaki kuupamba. Mama alianza kutoka damu nyingi kuliko kawaida, maumivu yakapanda, dawa ya saa nane haikushika. Treni imesimama porini inapisha nyingine, joto, mtandao hamna. Nilimshika mama mkono nikajaribu kuomba nikakosa maneno kabisa. Mimi ninayeongoza maombi ya akina mama Alhamisi! Nilichoweza ni kusema Bwana sijui nifanye nini, na hilo nalo limo kwenye Biblia, mfalme Yehoshafati alipozungukwa na majeshi alisimama mbele ya Yuda wote akamwambia Mungu hatujui tufanyeje lakini macho yetu yako kwako, 2 Mambo ya Nyakati 20. Mfalme mzima. Mbele ya watu, na wake zao na watoto wao.

Yule dada mwenye mtoto akaamka bila kusema kitu, akaniambia tumlaze kwa ubavu, tumpandishe miguu, akatoa maji yake ya kunywa akampa mama taratibu kwa kifuniko. Akaenda kumtafuta mhudumu wa behewa, mhudumu akapita akiuliza behewa kwa behewa kama kuna nesi, akapatikana kijana mmoja mganga msaidizi anatoka likizo. Akampima mapigo, akasoma ile karatasi ya nesi wetu, akasema dawa ya maumivu mnaweza kumpa kabla ya saa yake, kiwango hiki kinaruhusu, na akakaa na sisi mpaka damu ikapungua.

Watu wanauliza hekima ya Mungu inafananaje. Mchungaji ametufundisha sana Yakobo 3:17, hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole, "tayari kusikiliza maneno ya watu." Mimi leo nimeiona kwa dada ambaye hata jina sikumuuliza mpaka jioni, na ni Muislamu wa Ujiji.

Saranda tukakuta wale wauza kuku wao kama kawaida. Mama akaomba paja. Alimaliza nusu.

Alhamisi, Dodoma mpaka Dar

Dodoma tulishuka usingizi haujaisha, tukachukua bajaji kwenda stesheni ya SGR. Hii treni ya umeme ilianza kufika Dodoma 2024 na kwa mgonjwa ni msaada mkubwa, saa tatu na kitu mpaka nne uko Dar, choo safi, haitikisi. Mama alikuwa dirishani. Milima ya Kilosa tuliingia kwenye mahandaki, kila giza likija anashika mkono wangu.

Kaka alitupokea, tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Siku imepita hivyo, hakuna zaidi.

Ijumaa, Ocean Road

Hili ndo jengo la Wajerumani nalo, lilijengwa 1897 kama hospitali, liko baharini kabisa, taasisi yenyewe ya saratani ikaanzishwa kisheria 1996. Tulifika mapema tukakuta watu wengi wametutangulia, kutoka Mbeya, Songea, Pemba, kila mtu na bahasha yake. Kufungua faili, kupeleka kile kiboksi maabara, vipimo vya damu na figo. Mama hana bima, tukaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii, wakamsikiliza vizuri na kuandika.

Saa saba tukaingia kwa dokta. Mwanamke, kijana, ana sauti ya chini. Alimuelezea mama mwenyewe, hakunielezea mimi. Alipomaliza akauliza una swali mama, na mama akavuta pumzi akalitoa lile swali alilolibeba kutoka Kasulu.

"Mwanangu, nitaungua?"

Dokta akasogeza kiti. Akasema mama, siku ya mionzi utalala juu ya meza, mashine itazunguka bila kukugusa, dakika chache, na hutasikia moto wala maumivu wakati huo. Lakini sitakudanganya, kadiri wiki zinavyoenda ngozi ya eneo hilo inaweza kuwa nyeusi na kuwasha, utachoka, utaharisha kidogo, mkojo unaweza kuuma, na kila hilo tuna dawa yake, uniambie mapema, usivumilie. Akamuonyesha kwa kidole kwenye mchoro wapi mionzi inapita na wapi wanapakwepesha. Wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na kemo mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani, ile inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe.

Mama akasema, "Basi. Kuwasha nitavumilia."

Dokta akamjibu usivumilie, uniambie. Wakacheka wote wawili.

Nilikaa pale nikimkumbuka yule mtumishi aliyesema mionzi ni kukosa imani. Sina neno baya la kumwambia. Ila natamani kila mtumishi anayeombea wagonjwa angekaa saa moja tu kwenye benchi la Ocean Road asikilize akina mama wangapi wanasema nilichelewa, niliambiwa nisubiri muujiza. Leo tu, kwenye foleni yetu, waliokaa karibu nami walilisema hilo zaidi ya mmoja. Maombi hayajawahi kumkataza mtu kwenda hospitali. Anayekataza ni mtu, na mtu huyo anatakiwa ajiulize hilo neno amelitoa wapi.

Kikwazo kimoja. Kiwango cha damu ya mama ni saba, dokta anataka ifike kumi kabla ya kuanza kwa sababu mionzi inafanya kazi vizuri damu ikiwa ya kutosha. Tunatakiwa tupate watu wa kuchangia.

Jumamosi

Kaka, mke wake, vijana wawili wa mtaani, na jirani mmoja fundi bomba. Mimi nilikataliwa, damu yangu nayo iko chini. Mama ameongezewa jioni na rangi ya viganja imeanza kurudi.

Jumapili, Kigamboni

Tulisali kanisa dogo la mtaani. Mhubiri alihubiri Sulemani kuomba hekima Gibeoni, 1 Wafalme 3. Kitu ambacho nilikuwa sijakiona ni kinachofuata baada ya ombi lile. Mungu anampa hekima, na kesi ya kwanza tunayosomewa ni ya makahaba wawili wanaogombea mtoto. Watu ambao kwa mfalme wa siku zile hata mlangoni wangeweza kukataliwa. Na Sulemani anaanza kwa kuwasikiliza, hata anarudia maneno ya kila mmoja, huyu anasema hivi na huyu anasema hivi, kabla ya kuagiza upanga. Nilimtazama mama nikakumbuka mchungaji wetu kule Kasulu na lile swali lake moja.

Jioni mama alinishangaza, akaniambia nimfundishe kutuma meseji ya sauti. Akamtumia yule mwalimu wa Tabora, dakika nzima, anamshukuru kwa asali.

Jumatatu, Ocean Road tena

Damu imefika kumi na kitu. Leo ilikuwa kupimwa kwenye mashine ya picha ili wapange mionzi ipite wapi. Alinyweshwa maji mengi kibofu kijae, akalala, wakamchora alama kwenye ngozi, msalaba mdogo katikati na mingine pembeni. Usifute, usipake mafuta hapo, usisugue ukioga. Mama akatoka ananiambia, "Wamenichora misalaba, mwanangu," amefurahi kweli kweli, na mimi sikutaka kumwambia ni alama za vipimo tu, anajua hilo, anafurahi hivyo hivyo.

Tulipovuka pantoni akaniomba nimpigie mama mdogo. Nikaweka sauti nje.

"Mdogo wangu, sijaacha kuomba. Naomba kuliko zamani. Sasa wewe nenda kituo cha afya ukapime."

Kimya.

"Wanapaka siki tu kwenye mlango wa kizazi, wanaangalia, haichukui muda. Na yule binti yako wa darasa la sita umpeleke akachanjwe."

Nikadakia nikamweleza, chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14, halipi kitu. Mama mdogo akauliza kwa sauti ndogo, wanapima siku gani hapo Kasulu. Nikamwambia ampigie nesi jirani yetu, namba yake anayo. Akasema sawa, akauliza kama mama anakula, mama akamwambia wali na samaki, wakaanza kuongelea mahindi ya shambani na nani atayavuna.

Mionzi inaanza Jumatano saa mbili asubuhi. Tutatoka na pantoni ya saa kumi na mbili na nusu.